WAYA WA KAMERA: KWA NINI HUWAKA MCHANA NA KUFA USIKU

Katika mvua za vuli zilizopita, kikundi kimoja cha wakulima hapa Majoreni kiliibiwa mbuzi wanane kwa usiku mmoja. Mbuzi hao walilala katika zizi lililo nyuma ya ghala la mbata, na juu ya zizi ilikuwako kamera ya ulinzi ambayo wanachama waliichangia pesa kwa miezi mingi. Asubuhi mwenyekiti alifungua mashine ya kuwekea picha, na watu wakakusanyika kuitazama sura ya mwizi. Hawakuona kitu. Picha zilikuwa nzuri mpaka kama saa kumi na mbili na nusu jioni, kisha giza tupu hata asubuhi. Wakatazama usiku wa kabla yake, na ule mwingine wa kabla yake tena. Mambo ni yale yale. Kila magharibi kamera ilikufa, na kila alfajiri ilifufuka.

Basi ikasemwa kwamba uko mkono unaoizima. Mkono wa nani? Ufunguo wa ghala ulikuwa kwa mzee mlinzi peke yake, na betri na masanduku yote ya kamera yalikuwa ndani ya ghala. Likaitwa baraza. Mzee akaambiwa alipe mbuzi wanane au apelekwe polisi. Naye akajibu maneno machache tu: "Wanangu, mimi hata sijui hicho kitu huzimwa wapi."

Mimi niliitwa pale kuandika maneno ya mkutano, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ofisini. Si fundi wa kamera. Lakini kabla ya kuwa karani nilisomea ualimu, na somo la umeme nililifundisha kwa betri za tochi na vipande vya waya. Jambo moja lilinisumbua: mtu akizima kitu kwa mkono hawezi kukizima kila siku kwa dakika ile ile, hata siku za mvua, hata siku anapochelewa kwa swala. Nikaomba nipewe siku moja.

Niliazima mita ya kupimia umeme kwa fundi redio. Mchana betri ilitoa volti 12, lakini kule kwenye kamera, mwisho wa waya wa mita 60, zilifika volti 10 kasoro kidogo. Kamera ilikuwa inaona vizuri. Tukangoja. Jua lilipotua, zile taa nyekundu ndogo zilizo mbele ya kamera zikaanza kung'aa kwa mbali, na papo hapo mita ikashuka chini ya volti 8. Kamera ikafa. Ilipokufa, volti zikapanda tena mpaka 12. Baada ya muda mfupi kamera ikajaribu kuamka, taa zikawaka, volti zikaanguka, ikafa tena. Hivyo hivyo mara sita nilizohesabu. Mzee mlinzi alikuwa ameketi karibu yangu juu ya kigoda, mikono yake magotini, wala hakugusa kitu.

Mwizi wa picha alikuwa ni waya. Kwa kuwa wakulima wengi wa skimu sasa wananunua kamera kulinda mazizi, maghala, na pampu zao za maji, na kwa kuwa nimeziona nyingine mbili zenye ugonjwa huu huu, nimeona yafaa kulieleza jambo hili tangu mwanzo wake.

WAYA HUU NI WAYA GANI

Kamera nyingi za siku hizi hutumia waya wa mtandao, ambao ni waya mnene kama kalamu ya risasi, na ndani yake mna nyuzi nane. Nyuzi hizo zimesokotwa mbili mbili, basi zimekuwa jozi nne: jozi ya rangi ya chungwa, ya kijani, ya buluu, na ya kahawia. Katika kila jozi uzi mmoja una rangi kamili, na mwenzake ni mweupe wenye mstari wa rangi ile.

Watu huuliza kwa nini zimesokotwa kama kamba ya makumbi. Si kwa ajili ya nguvu. Nyuzi mbili za jozi huchukua habari moja kwa namna ya kupingana, mmoja ukisukuma mwenzake huvuta. Sasa, karibu na waya huenda ikawa na injini ya posho, au waya wa umeme wa nyumba, au pampu. Vitu hivi hutoa kelele ya umeme ambayo huingia katika nyuzi. Fikiri watoto wawili wanaokwenda shule kwa njia moja, na jua linawapiga upande wa kulia. Wakienda bila kubadilishana, wa kulia huungua na wa kushoto hupata kivuli cha mwenziwe. Lakini wakibadilishana upande kila hatua chache, wakifika wote wawili wamepata jua sawasawa. Ndivyo ilivyo kwa nyuzi zilizosokotwa: kelele huingia kwa zote mbili kwa kipimo kimoja, na mashine ya upande wa pili, ambayo hutazama tofauti tu iliyopo baina ya nyuzi mbili, haioni kelele hata kidogo. Ufundi huu si mpya. Alexander Graham Bell, yule aliyejulikana kwa simu, aliuandikisha huko Marekani mwaka 1881.

Kutokana na hayo utajua kwamba fundi anayezifumua nyuzi kwa urefu wa kidole ili kazi iwe rahisi anaharibu kile ulicholipia. Penye plagi, mfumuo usizidi sentimita 1 na kidogo.

Na hapa liko kosa ambalo nimeliona mara nyingi. Mpangilio wa rangi ndani ya plagi unaotumika sana ni huu, ukihesabu kutoka kushoto, meno ya plagi yakikutazama na mdomo wa plagi ukielekea juu: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, buluu, mweupe wa buluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Mtu hutazama akasema, "Kwa nini kijani kimetengwa na mwenzake? Mimi nitaziweka jozi zote pamoja, tena nitafanya hivyo hivyo kwa pande zote mbili, basi itakuwa sawa." Ukiwa na waya wa mita 5 juu ya meza itafanya kazi kweli, na fundi atapokea pesa zake aende. Lakini mashine husoma tundu la 3 na la 6 kama jozi moja. Ukiweka hapo nyuzi za jozi mbali mbali, zile ambazo hazikusokotwa pamoja, kelele huingia upande mmoja zaidi ya mwingine, na kwa mita 60 au 80 picha huanza kukatika. Usitafute maarifa yako mwenyewe katika jambo hili. Fuata mpangilio.

UMEME NDANI YA WAYA ULE ULE

Uzuri wa waya huu ni kwamba waweza kupeleka umeme kwenda kwenye kamera na kuleta picha kutoka kwenye kamera, vyote pamoja. Huna haja ya kuvuta waya wa pili wa umeme mpaka zizini. Umeme wa kamera hutiririka sawasawa bila kugeuka, na ishara za picha hutetemeka upesi sana. Kila upande huwa na kifaa kinachovitenga, kama kifumbu kinavyotenga tui na machicha.

Lakini ziko njia mbili za kuutia umeme katika waya, na tofauti yake ndiyo iliyokaribia kumfunga mzee wetu.

Njia ya kwanza ni ya kienyeji. Fundi huchukua volti 12 za betri, akazipitisha katika jozi mbili ambazo picha haizitumii, yaani ya buluu na ya kahawia, akazitoa upande wa pili kwa kiungo kidogo kinachouzwa madukani. Ni njia rahisi na kwa mita 15 au 20 haina ubaya. Kikundi kilifanyiwa hivi kwa mita 60.

Sikilizeni hesabu yake. Nguvu ambayo kamera inahitaji hupimwa kwa wati, na wati ni volti mara ampea. Kamera ile mchana ilikula wati 2 na nusu. Usiku, kwa sababu huwasha taa zake za kuonea gizani, ilikula wati 6. Wati 6 kwa volti 12 ni nusu ampea. Waya nao una ukinzani wake, yaani ugumu wa kupitisha umeme, na ule wa kikundi, kwenda na kurudi, ulikuwa na karibu omu 9. Nusu ampea mara omu 9 ni volti 4 na nusu. Hizo zimepotea njiani. Kati ya volti 12 zinabaki 7 na nusu, na kamera ya volti 12 haiwezi kuishi kwa 7 na nusu. Kwa kweli hali ni mbaya zaidi, maana kamera ikipungukiwa na volti huvuta ampea zaidi ili ishibe, na kadiri inavyovuta ndivyo nyingi zaidi zinavyopotea.

Njia ya pili ni ile ya kanuni ya kimataifa, ambayo juu ya masanduku huandikwa PoE, na kanuni yake ya kwanza ya mwaka 2003 huandikwa 802.3af. Hii hupeleka umeme kwa volti 48 hivi. Wati 6 zile zile kwa volti 48 ni sehemu moja ya nane ya ampea. Zidisha kwa omu 9: volti 1 na kidogo tu ndiyo inayopotea, na karibu 47 zinafika.

Kwa nini iwe hivyo? Mfano wake ni mtu anayepeleka mbata sokoni kwa njia yenye kizuizi cha ushuru, na ushuru hutozwa kwa kila safari, si kwa kila kilo. Akibeba kikapu kidogo kidogo, safari huwa nyingi na ushuru humla. Akibeba magunia makubwa, safari huwa chache, na mzigo ule ule hufika kwa ushuru mdogo. Volti ni ukubwa wa mzigo, ampea ni wingi wa safari, na waya hutoza kwa safari. Nilipoichora hesabu hii kwa chaki juu ya mlango wa ghala siku ya baraza la pili, hata wazee ambao hawakusoma waliielewa kabla sijamaliza.

Njia hii ina faida nyingine. Sanduku la PoE halimwagi umeme ovyo. Kwanza hupiga hodi: hutuma volti chache, zisizozidi 10, na kusikiliza kama upande wa pili kuna ukinzani wa karibu omu 25,000, ambao ni alama ya kifaa kilichotengenezwa kwa kanuni hiyo. Ikijibiwa, ndipo hutoa umeme. Isipojibiwa, hutulia. Basi ukichomeka kompyuta au kitu kingine kwa bahati mbaya, hakiungui. Njia ya kienyeji haibishi hodi. Umeme umo ndani ya waya saa zote.

Kwa kanuni ya 802.3af kila tundu hutoa hadi wati 15.4, na kamera inahakikishiwa wati 12.95 mwisho wa waya. Kwa kamera ya kawaida inatosha na kubaki. Kamera kubwa inayogeuka shingo huhitaji kanuni ya mwaka 2009, iliyoandikwa 802.3at, ambayo hutoa hadi wati 30. Soma sanduku la kamera na sanduku la swichi kabla hujatoa pesa, na yaandikwe jina moja. Ikiwa kamera yako ni ya zamani na haina PoE, kiko kifaa kidogo cha kuwekwa karibu yake ambacho hupokea volti 48 na kutoa 12.

SHABA AU ALUMINIAMU ILIYOPAKWA RANGI

Nimesema waya wa kikundi ulikuwa na ukinzani wa omu 9. Ungalikuwa wa shaba tupu ungalikuwa na kama omu 6 tu. Nilikwangua uzi mmoja kwa wembe: juu ulikuwa mwekundu wa shaba, ndani mweupe. Ni aluminiamu iliyovishwa shaba nyembamba. Juu ya sanduku la waya huo huwa yameandikwa maneno yale yale, Cat5e au Cat6, na pembeni kwa herufi ndogo CCA. Bei yake ni rahisi, na ndiyo sababu maduka mengi huuweka mbele.

Kuutambua si kazi. Kwangua kwa kisu. Kunja uzi mmoja mara kadhaa mahali pamoja. Ule wa aluminiamu hukatika upesi. Tena beba boksi mkononi, maana boksi la shaba la mita 305 ni zito na lile jingine ni jepesi. Kwetu pwani uko ubaya mwingine. Hewa ya chumvi itokayo kwenye mikoko ikiingia penye plagi, aluminiamu huoza kuwa unga mweupe, na baada ya msimu mmoja wa masika waya uliokuwa mzima haupitishi kitu. Nakuomba usiutumie kwa kamera hata ukipewa bure. Heri kamera moja kwa waya wa shaba kuliko tatu kwa huu.

MITA MIA MOJA

Waya huu una mpaka wake, nao ni mita 100 kutoka swichi mpaka kamera, pamoja na vipande vidogo vya pande zote mbili. Kupita hapo ishara hudhoofika. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo mita 100 ni hatua 133. Hesabu hatua kabla ya kununua, na ufuate njia ambayo waya utapita, si njia ya ndege.

Kwa mashamba ya skimu jambo hili ni kubwa. Shamba la ekari 12 likiwa mraba, upande wake mmoja ni mita 220. Mwenye nyumba barabarani na zizi nyuma ya shamba hafiki kwa waya mmoja. Akiongeza mwingine akaufunga kwa utepe, anajidanganya. Dawa ni kuweka swichi ndogo katikati, ndani ya sanduku lisiloingia maji. Ziko zile ambazo hupata umeme wao kutoka katika waya ule ule na kuupeleka mbele, lakini kumbuka kwamba nazo hula wati zao, basi hesabu kwanza kama zitatosha wote wawili. Kwa mwendo mrefu zaidi hutumiwa nyuzi za kioo, namna ile ile ya nyaya zilizofika Mombasa kwa chini ya bahari mwaka 2009. Kioo hakipeleki umeme, kwa hiyo kule mwisho itabidi uwe na sola yake.

KUULAZA WAYA

Wengi hupenda kuupitisha waya juu ya minazi, kwa kuwa minazi imesimama tayari. Sishauri. Mnazi huyumba mchana na usiku, na waya huvutika penye msumari mpaka nyuzi zinakatika ndani bila kuonekana nje. Makuti huanguka. Mgema naye anapopanda na panga lake hana wakati wa kuchunga waya wako.

Chimba mtaro wa futi moja na nusu, ili jembe lisifike, na upitishe waya ndani ya bomba la plastiki. Ziba midomo ya bomba panya na siafu wasifanye nyumba. Weka mawe yaliyopakwa chokaa juu ya njia yake, maana wewe utakumbuka ulipopita na kibarua wako hatakumbuka. Mahali panapobidi waya uwe nje juani, nunua ule mweusi uliotengenezwa kwa kazi ya nje. Ule wa kijivu wa ofisini ganda lake hupasuka kwa jua letu. Usiuvute kwa nguvu kama unavuta jarife. Usiukunje kwa pembe kali. Usiulaze sambamba na waya wa umeme wa nyumba. Uache nafasi ya sentimita 30, na ikibidi zipishane, zipishane kama msalaba. Unapoingia ukutani au ndani ya kamera, uache ulegee kidogo chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondoke hapo yasiingie ndani.

Radi ni jambo la kuogopwa. Waya mrefu wa shaba baina ya majengo mawili huokota umeme wa radi hata ikipiga mbali, na huunguza swichi, kamera, na mashine ya picha kwa pamoja. Weka kinga ya radi pande zote mbili, na kila kinga iwe na waya wake mnene unaokwenda kwenye nondo iliyopigwa ardhini. Kinga isiyofika ardhini ni pambo. Radi ikipiga pale pale hakuna kinga itakayokusaidia, kwa hiyo mawingu yakiwa mazito na huna haja ya kamera saa ile, chomoa plagi.

BETRI NA SOLA

Umeme wa laini hukatika, na mwizi anajua saa unapokatika. Kwa hiyo wengi wetu hutegemea sola. Hapa watu hujidanganya kwa sababu kamera ni ndogo. Husahau kwamba inakula saa 24.

Chukua kamera mbili za wati 5 kila moja kwa wastani wa mchana na usiku. Hizo ni 10. Swichi yake wati 5. Mashine ya kuwekea picha wati 10. Jumla ni wati 25, mara saa 24 ni wati-saa 600 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiinywe zaidi ya nusu. Basi betri hiyo nzima ni kazi ya siku moja tu bila jua, na mvua za masika huweza kuficha jua siku tatu. Paneli nayo, ukihesabu saa 5 za jua zuri na upotevu wa njiani, iwe karibu wati 200. Paneli ya wati 50 ya taa za nyumba haitafaa.

Ukiona ni ghali, punguza kazi. Ziko kamera zinazohifadhi picha katika kadi ndogo ndani yake, nawe huna haja ya mashine ya picha. Jumla inashuka hadi wati 15, yaani wati-saa 360. Ubaya wake ni kwamba mwizi akiondoka na kamera ameondoka na ushahidi. Kadhalika ziko swichi ndogo zinazopokea volti 12 za betri na kuzipandisha zenyewe hadi 48. Nunua hiyo. Usiipandishe betri kwa inveta hadi umeme wa nyumba kisha uushushe tena, maana kila kupanda na kushuka hula sehemu yake.

MAMBO MENGINE MACHACHE

Buibui hupenda mwanga wa taa za kamera na hujenga mbele ya kioo, na usiku utando wake hung'aa picha yote ikawa nyeupe. Pangusa kila juma. Usielekeze kamera kwenye mlango wa jirani wala mahali watu wanapooga. Kenya iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kikundi chenye kamera yapasa kiweke kibao cha kuwajulisha wanaopita kwamba wanapigwa picha. Wala usimwachishe kazi mlinzi kwa kuwa umepata kamera. Kamera haibweki wala haikimbizi mtu. Miezi yake ya kwanza kamera ya kikundi ilituonyesha zaidi komba aliyekuja kila usiku kunywa tembo la mgema.

Kikundi kilibadilisha waya, wakaweka swichi ya volti 48, na tangu hapo kamera haijafa magharibi. Mbuzi hawakuonekana. Mwenyekiti alisimama mbele ya baraza akamwomba mzee radhi, naye aliipokea, lakini alikaa nyumbani majuma mawili kabla ya kurudi kazini, na sikumlaumu.

Baada ya fundi kumaliza kazi kwako, usimlipe mchana. Mwambie angoje mpaka giza liingie, taa za kamera ziwake, na picha ikae saa nzima bila kukatika. Fundi mwema hatakataa. Mpe chai angojee. Ofisini kwetu Majoreni nimetundika ukutani vipande viwili vya waya, kimoja cha shaba na kimoja cha aluminiamu, vimekwanguliwa, na mita iko mezani. Atakayekuja na kipande cha waya wake kabla ya kununua boksi zima nitampimia.